Kwa Nini Fundi Anaiogopa D4

Kwetu Kilangali, wilayani Kilosa, mwambie fundi kwamba gari lako ni D4, atatikisa kichwa hata kabla hujafungua boneti. "Hiyo uza." Wengi tumelijua neno hilo kupitia Toyota Noah. Zile za mwanzo zenye injini ya 3S-FE hazina kesi, ila zilizoanza kutoka mwaka 2001 zikiwa na 1AZ-FSE ni D4. Na mtu akinunua Noah ya abiria kwa mkopo, neno hilo linamkosesha usingizi.

Kwenye injini ya kawaida, nozeli inanyunyiza petroli nje ya silinda, nyuma ya valvu ya kuingiza hewa, kwa presha ya baa 3 hivi. Petroli inapata nafasi ya kugeuka mvuke. Kwenye D4, nozeli imeingia ndani ya silinda na inapiga kwa zaidi ya baa 50. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, tangu hewa ianze kuingia mpaka plagi iwashe ni kama sekunde 0.03 tu. Na mbele kuna kuta: chini pistoni, pembeni silinda.

Kuigonga pistoni kulikuwa makusudi. Mitsubishi waliotoa Galant ya GDI mwaka 1996, na Toyota waliofuata na D4 mwaka huohuo, walichonga kibakuli kwenye kichwa cha pistoni ili petroli ikifika humo igeuzwe kuelekea kwenye plagi. Mafuta yanakusanyika pale yanapowashwa, kwingine hewa tupu, matumizi yanapungua. Wazo zuri kabisa, mimi siwalaumu.

Tatizo ni kwamba si petroli yote inageuka mvuke. Tone likigonga ukuta linaweza kudunda, kupasuka vipande au kutandaa, kutegemea kasi yake, ukubwa wake na joto la ukuta. Dondosha maji kwenye kikaango cha chapati kilichopata moto sana: tone linakimbiakimbia juu ya mvuke wake lenyewe. Kikiwa vuguvugu, linatandaa na kukaa. Pistoni ya asubuhi ni hicho cha vuguvugu. Petroli inabaki juu yake kama utando mwembamba, halafu inaungua kwa kuchelewa bila hewa ya kutosha, kama kibatari: moto wa njano na masizi.

Ukuta wa silinda ndio wa kuogopwa zaidi. Pale petroli inaosha oili, ringi zinasugua chuma kikavu, kisha petroli inateremka mpaka kwenye sampu. Ukichomoa stiki unakuta oili imepanda! Dereva anafurahi kwamba gari halili oili, kumbe imechanganyika na petroli na imekuwa nyepesi. Inuse tu, utajua. Hata Mercedes-Benz 300 SL ya mwaka 1954 ilisumbuliwa na jambo hilihili.

Safari fupi za kuwasha na kuzima ndizo mbaya zaidi, kwa sababu injini haipati joto la kuikausha petroli hiyo. Ukienda moja kwa moja mpaka Morogoro mjini, sehemu kubwa inafuka.

Injini za siku hizi zinapiga baa 200 mpaka 350, kwa vipigo vidogovidogo, na nyingi zina nozeli juu katikati, jirani na plagi, ili petroli isifike ukutani. Ule uchafu mweusi kwenye valvu za kuingiza hewa, ambao mafundi wanauonyesha kama ushahidi, chanzo chake ni kinyume: pale petroli haipiti kabisa, kwa hiyo hakuna cha kuziosha.