Vidoa Visivyowasha: Ngozi Inapotoa Habari za Figo na Moyo

Mtoto analalamika kwamba viganja na nyayo zinamwaka moto. Maumivu huzidi akipata homa au akicheza juani, na hatoki jasho kama wenzake. Anapobalehe, vidoa vidogo vya rangi nyekundu iliyokolea hutokea kati ya kitovu na mapaja. Haviwashi wala haviumi, kwa hiyo hakuna anayevitaja hospitalini.

Dalili hizi zikiandamana, huenda ni ugonjwa wa Fabry, ugonjwa adimu wa kurithi ulioelezwa mwaka wa 1898 na madaktari Johannes Fabry wa Ujerumani na William Anderson wa Uingereza.

Mgonjwa hukosa kimeng'enya cha kuvunja aina fulani ya mafuta mwilini. Fikiria soko la Khayega lisipofagiwa: taka za siku moja haziletei mtaro shida, lakini za miaka huuziba. Mafuta hayo nayo hujikusanya katika kuta za mishipa midogo ya damu. Mishipa ya ngozi hutanuka, tukaona vidoa. Ile ya figo, moyo na ubongo huharibika kimyakimya, hadi figo zishindwe kufanya kazi au mtu apate kiharusi angali kijana.

Huu si uchawi wala laana. Baba mgonjwa huwarithisha binti zake wote, lakini si wana wa kiume. Mama mwenye kasoro hiyo anaweza kumrithisha yeyote, binti au mvulana.

Ufanye nini?

• Mpeleke mtoto hospitalini. Atapimwa kwanza selimundu, ambayo huku Magharibi ndiyo huumiza watoto wengi mikono na miguu. Isipopatikana, usikome hapo.

• Mwonyeshe daktari vidoa, hata vikiwa mahali pa aibu. Usivikwangue wala kuvichoma, vitatoka damu.

• Taja jamaa waliougua figo, moyo au kiharusi mapema.

• Omba mkojo na shinikizo la damu vipimwe.

• Usimeze ovyo dawa za maumivu kama diklofenaki, huumiza figo.

Tangu 2001 kuna dawa ya kuongeza kimeng'enya hicho kwa dripu kila wiki mbili. Ni ghali mno, na haifufui figo iliyokufa. Ndiyo maana kugundua mapema ni muhimu, kwani kudhibiti shinikizo la damu na kulinda figo kunaweza kuanza mara moja.