Kuchagua Vitabu vya Kiada Vinavyolingana na Uwezo wa Mwanafunzi

Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwasihi waanzishe shule za Kikristo na kuzitunza. Karibu na mwisho wa waraka huo aligusia pia maktaba. Hakutaka vitabu vya kila namna virundikwe. Alitaka vichaguliwe vilivyo bora: Maandiko Matakatifu, wafafanuzi wake walio wazuri, vitabu vya kujifunzia lugha, na vitabu vya historia. Swali alilolishughulikia lingali mezani kwa kila mwalimu wa theolojia anayeandaa orodha ya vitabu vya somo lake.

Tumfikirie mwanafunzi atokaye Kabanga wilayani Ngara, au Nyakahura wilayani Biharamulo. Ada yake hutokana na kahawa, ndizi, maharage au mahindi ya jamaa yake, pamoja na sadaka za usharika uliomtuma. Fedha hizo huja kwa msimu. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, huhesabu vitabu miongoni mwa mambo inayoyagharimia, lakini si kila mwanafunzi hupata mkopo. Kwa hiyo mwalimu aandikapo vitabu vitatu vya lazima kwa somo moja, huwa ametoza kodi nyumba asiyoijua.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Darasa lina wanafunzi 20, nao husoma masomo 5 kwa muhula. Kila somo likidai vitabu 3, kila mwanafunzi atahitaji vitabu 15, na darasa zima vitabu 300. Sasa tuseme kila somo lina kitabu kimoja tu cha lazima, na vile viwili vingine vinawekwa maktabani, nakala mbili mbili. Wanafunzi watanunua vitabu 100, chuo kitanunua 20, na jumla itakuwa 120. Hakuna kitabu kilichofutwa katika orodha. Kilichobadilika ni nani anunue nini.

Je, kitabu hicho kimoja cha lazima kichaguliwe kwa vipimo gani? Sisi tunapendekeza vinne.

Kwanza, kiwe kitabu ambacho mchungaji atakihitaji hata baada ya mtihani. Ufafanuzi wa Biblia, historia ya Kanisa na maungamo ya Kilutheri ni vitabu vya maisha yote. Kitabu cha bei kubwa kitakachotumika miaka 30 usharikani ni rahisi kuliko cha bei ndogo kitakachoachwa bwenini.

Pili, toleo jipya lisidaiwe pasipo sababu. Katika sarufi ya Kigiriki, toleo la zamani kwa kawaida hutosha. Lakini yako mambo ambayo kitabu cha kale hupotosha. Kitabu kiichoracho Chato ndani ya Mkoa wa Kagera kimepitwa na wakati, kwani eneo hilo, lililokuwa sehemu ya Biharamulo, liliingia Mkoa wa Geita ulipoanzishwa mwaka 2012. Na historia ya Kanisa inayokoma kabla ya mwaka 1994 haiwezi kumwandaa mchungaji wa Ngara. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, wakajaza kambi ya Benaco. Hapo fedha na itumike bila kusitasita.

Tatu, lugha ipimwe. Mchungaji atahubiri kwa Kiswahili, naye atasikiliza matatizo ya watu kwa Kihangaza au Kishubi. Kikiwapo kitabu kizuri cha Kiswahili, kitangulizwe. Cha Kiingereza kiwe cha kuongezea maarifa.

Nne, orodha isibadilishwe kila mwaka. Inapodumu miaka kadhaa, mwanafunzi wa mwaka wa tatu huweza kumwuzia wa mwaka wa pili kwa bei nafuu. Tena itangazwe mapema, kabla ya likizo, ili jamaa wajue watakachohitaji wakati mazao yangali shambani.

Yapo pia maandishi yasiyo na gharama. Augustino, Athanasio, na Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 havifungwi tena na hakimiliki, ingawa tafsiri mpya huweza kufungwa. Maktaba ya Globethics, shirika lililoanzishwa Geneva mwaka 2004, hutoa vitabu vingi vya theolojia na maadili kwa njia ya intaneti pasipo malipo. Hata hivyo mahali penye mtandao hafifu na umeme wa kukatika, mwalimu asihesabu kwamba kila mmoja ataweza kusoma kwa njia hiyo. Maandishi hayo yapakuliwe chuoni na kugawiwa mapema.

Kuhusu vivuli, tuseme kweli. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hutoa nafasi ya kutumia sehemu ya kazi ya mtu katika kufundisha. Haikusudii kitabu kizima kirudufiwe kwa darasa zima. Sisi tunaofundisha amri ya saba hatuwezi kuivunja mlangoni mwa darasa. Tena mafungu ya vivuli hayadumu. Mchwa na mvua huyamaliza, na mhitimu hubaki hana kitu cha kufungua usiku wa Jumamosi anapotayarisha mahubiri.

Nanyi ndugu wachungaji mlioko sharikani, jambo hili ni lenu pia. Usharika unaomtuma kijana chuoni uulize orodha ya vitabu mapema kama uulizavyo ada. Na mchungaji anayestaafu akumbuke kwamba rafu yake yaweza kuwasomesha wawili watatu.

Mtume Paulo, akiwa kifungoni, alimwagiza Timotheo amletee joho lililobaki Troa kwa Karpo, pamoja na vitabu, hasa vile vya ngozi. Alikuwa na mahitaji machache, na vitabu vilikuwamo. Mwalimu anapokaa kuandika orodha yake, na ajiulize ni kitabu kipi mwanafunzi huyu angeagiza aletewe, akiwa peke yake Nyakahura miaka 20 baadaye. Hicho ndicho akiandike kuwa cha lazima.