Sanamu Zinazohitaji Hewa

Alexander Calder, Mmarekani aliyeishi kati ya 1898 na 1976, alihitimu uhandisi wa mitambo mwaka 1919 kabla ya kuingia kwenye usanaa. Jumba la Tate Modern, London, lilipoonyesha kazi zake kuanzia Novemba 2015 hadi Aprili 2016, uhandisi huo ulionekana katika kila waya.

Kanuni inayozibeba sanamu zake za kuning'inia, zilizoundwa kwa waya zenye mabapa kwenye ncha, ni ya wenzo. Mchukuzi wa mzegazega mwenye ndoo nzito mbele na nyepesi nyuma husogeza bega karibu na ile nzito, mti ukatulia. Ndivyo alivyofanya Calder. Tuseme bapa la gramu 300 liko sentimita 10 kutoka kwenye egemeo: bapa la gramu 100 litalisawazisha likiwa umbali wa sentimita 30. Kazi huanzia waya wa chini kabisa. Ukishatulia, waya huo pamoja na mabapa yake huwa mzigo mmoja kwenye ncha ya waya wa juu yake, na hivyo hivyo hadi kileleni. Ukibadilisha uzito wa bapa moja la chini, itakubidi upime upya kila egemeo lililo juu yake.

Mwanzoni Calder alitumia pia mota. Katika “A Universe” ya 1934, matufe mawili, jekundu na jeupe, hupita juu ya waya kwa mwendo tofauti, na mzunguko mzima huchukua dakika 40. Lakini mota hurudia njia ile ile, na vipuri vyake huchakaa. Ndiyo maana makumbusho hayaziwashi ovyo mashine za umri huo. Hewa haichoki wala haijirudii. Joto la miili ya watazamaji na hatua zao hutosha kulisukuma bapa jepesi, nalo likisogea huvuta waya wa juu.

Kwa hiyo ninawasihi wenye majumba ya sanaa: msizitundike sanamu hizi kwenye kona isiyopitisha hewa, wala msizifungie ndani ya vioo. Mwendo ni sehemu ya kazi yenyewe, kama ilivyo rangi. Nawe mtazamaji, usipige picha moja ukapita. Simama mpaka bapa la mbali zaidi lianze kusogea, kisha fuata kwa macho jinsi mwendo wake unavyopanda waya kwa waya.