Majitaka yaliyosafishwa na miti ya jangwani: Sheria inasemaje?

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), aliyeyafanya maji kuwa chimbuko la uhai. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Sahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, leo tunazungumzia maji ambayo tukishayamwaga hatuyafikirii tena: majitaka ya chooni, bafuni na jikoni. Je, yakisafishwa yanafaa kumwagilia miti?

Mfano wa Misri

Misri ina watu zaidi ya milioni 100, na mvua yake ni haba mno. Kwa mkataba wake na Sudan wa mwaka 1959, fungu lake la maji ya Mto Nile ni mita za ujazo bilioni 55.5 kwa mwaka. Fungu haliongezeki, ilhali watu wanaongezeka. Ndipo katika miaka ya 1990 serikali ikaanza kupanda misitu jangwani na kuinywesha majitaka yaliyosafishwa. Mmojawapo ni msitu wa Serapium, karibu na mji wa Ismailia, wenye hekta zipatazo 200. Palipokuwa mchanga mtupu pameota mikaratusi na mahogani.

Kwa kawaida majitaka hutuamishwa kwanza ili taka nzito zizame. Kisha hutiwa hewa, na vijidudu vyenye manufaa vikala uchafu uliosalia. Yanayobaki huwa bado yana naitrojeni na fosforasi, navyo ni chakula cha mti. Kwa hiyo mkulima hupata maji na mbolea kwa pamoja.

Kwa nini miti ya mbao, si mboga? Kwa sababu maji yasiyosafishwa kikamilifu huweza kubakiza mayai ya minyoo na vimelea vya maradhi. Kanuni za Misri za mwaka 2005 ziliyagawa maji haya kwa madaraja, na yale ya daraja la chini yakaachiwa miti ya mbao, ambayo haifiki mezani petu.

Kauli ya wanazuoni

Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, maji yaliyofikia kula mbili hayanajisiki ila yabadilike rangi, ladha au harufu kwa najisi. Mabadiliko hayo yakiondoka yenyewe, au kwa kuongezewa maji, utohara wake hurejea. Mwaka 1978 Baraza la Wanazuoni Wakuu la Saudi Arabia liliyatazama majitaka yanayosafishwa kwa mitambo, na mwaka 1989 Baraza la Fiq'hi la Makka likafanya vivyo hivyo. Yote mawili yaliamua kwamba yakisafishwa hata isibaki athari ya najisi katika sifa hizo tatu, ni tohara.

Na yasipofikia kiwango hicho? Wanazuoni walihitilafiana kuhusu mazao ya kuliwa yaliyonyweshwa maji ya najisi: Mashafi wanayahesabu kuwa tohara baada ya kuoshwa, na Mahanbali wanayazuia mpaka yanyweshwe maji safi. Mti wa mbao hauliwi, hivyo umetoka katika hitilafu hiyo. Lakini mfanyakazi avae viatu na glavu, na nguo iliyorukiwa na maji hayo aitoharishe kabla ya Swala.

Tuanzie wapi?

Jijini Dar es Salaam, mboga zimekuwa zikilimwa kando ya Mto Msimbazi, unaopokea uchafu wa mji. Hapo hatuzungumzii najisi peke yake, bali na afya ya watoto wetu. Mtume (s.a.w.) amekataza kudhuru, na ameonya vikali dhidi ya kuchafua vyanzo vya maji. Basi maji machafu na yasafishwe, kisha yapelekwe kwenye miti, na maji safi yabakie kwa vyakula na vinywaji.

Enyi akina baba na akina mama, wafundisheni watoto kwamba anayepanda mti huandikiwa sadaka kwa kila kiumbe kinachonufaika nao. Na mnunuapo mchicha, ulizeni umenyweshwa maji gani.

Wabillahi tawfiq.