Namna ya kung'oa mafuta sugu katika oveni bila dawa kali

MOSHI unaojaa jikoni pindi oveni inapowashwa, hata kabla chakula hakijaanza kuiva, mara nyingi hautokani na ubovu wa jiko. Ni mafuta ya kuku na nyama yaliyorukia kwenye kuta na nyavu zake, yakaungua tena na tena hadi yakawa gamba jeusi, gumu mithili ya rangi iliyokauka. Likiachwa kurundikana, gamba hilo huweza kushika moto.

Wengi hukimbilia dawa za kupuliza zenye kostiki soda. Hufanya kazi haraka kwa kuwa hugeuza mafuta kuwa sabuni, lakini huunguza ngozi na macho, huwasha koo na kuitafuna alumini. Katika jiko la nyumba ya kupanga lenye kidirisha kimoja, hiyo ni hatari isiyo ya lazima.

Bikaboneti ya soda, unga uleule wa kuumulia keki, hulegeza mafuta kwa upole zaidi, ila hudai muda. Oveni izimwe na ipoe kabisa. Ya umeme ichomolewe, ya gesi ifungwe kwenye mtungi. Nusu kikombe cha unga huo kikorogwe na vijiko vichache vya maji hadi uwe kama uji mzito, upakwe ndani na kuachwa usiku kucha. Usiguse koili, matundu ya gesi wala mpira wa mlango.

Nyavu ziloweke usiku huohuo katika beseni la maji ya moto, sabuni ya vyombo na bikaboneti kidogo. Trei za alumini zisitiwe humo, zitageuka nyeusi.

Asubuhi gamba hukwanguliwa kwa kijiko cha plastiki au mwiko, kisha hufutwa kwa kitambaa chenye maji. Siki hunyunyizwa mwishoni tu, kuondoa weupe uliobaki. Wanaoichanganya na bikaboneti tangu mwanzo hufurahia povu, lakini viwili hivyo huuana nguvu. Siki isikutanishwe kamwe na dawa ya madoa yenye klorini, kwani hutoa gesi ya sumu.

Oveni ikishakauka, iwashwe tupu kwa dakika 15, madirisha yakiwa wazi. Moshi ukitokea tena, kona za nyuma hazijaisha. Uji upakwe hapo kwa usiku mmoja zaidi.