Nishati mwendo

Nishati mwendo ni nishati ambayo kitu huwa nayo kwa sababu kinakwenda. Hukokotolewa kwa kanuni E = ½mv², ambapo m ni tungamo (masi) kwa kilogramu na v ni kasi kwa mita kwa sekunde. Jibu huwa katika jouli (J).

Mfano: lori la Isaka

Isaka, katika mkoa wa Shinyanga nchini Tanzania, ina bandari kavu kando ya reli ya Tabora hadi Mwanza. Mizigo ya Rwanda na nchi jirani hushushwa hapo kutoka kwenye treni na kuendelea kwa malori. Tuchukue lori la tani 56 pamoja na shehena, uzito wa juu unaoruhusiwa katika barabara za Tanzania, likienda km 80 kwa saa.

Kosa linalowapotezea wanafunzi alama nyingi ni kuiingiza 80 ile ile kwenye kanuni. Gawa kwanza kwa 3.6, upate 22.2 m/s. Tani 56 ni kg 56,000. Basi:

E = ½ × 56,000 × 22.2² = takriban J milioni 13.8

Kwa km 50 kwa saa (13.9 m/s), ukomo wa mwendo kwenye makazi, lori hilohilo lina J milioni 5.4 tu. Kasi ilizidi mara 1.6, nishati mara 2.56, kwa kuwa kasi huzidishwa kwa yenyewe.

Kusimama

Breki hugeuza nishati hiyo yote kuwa joto. Zikipunguza kasi kwa 4 m/s kila sekunde, umbali ni v² ÷ (2 × 4): m 24 kwa lori la km 50, m 62 kwa la km 80. Tungamo halimo, kwani hukuza nishati na kani inayohitajika kwa kiasi kilekile, vikakatana. (Lori lililozidishiwa mzigo huenda lisiifikie hiyo 4 kabisa.) Dereva akichelewa sekunde 1 kukanyaga breki, jumla ni m 38 na m 84.

Sasa mtoto avuke barabara m 38 mbele. Lori la km 50 husimama mbele yake. La km 80 limekwisha kula m 22.2 kabla ya breki, zimebaki 15.8:

v² = 22.2² − 2 × 4 × 15.8 = 366

v ni 19.1 m/s. Linamfikia mtoto likiwa bado na km 69 kwa saa.