Nyota ya zahanati na mkunga wa usiku

Mgonjwa hana mizani ya kupimia zahanati. Awe mkazi wa Kikuyu hapa Dodoma au wa kijijini Kongwa, huiona foleni na dirisha la dawa, basi.

Kwa sababu hiyo mwaka 2015 Wizara ya Afya ilianza kuvipa nyota vituo vya huduma ya msingi, kuanzia sifuri hadi tano. Awamu ya kwanza, karibu theluthi moja ya vituo haikupata hata nyota moja. Vilipopimwa tena mwaka 2017/18, vyenye sifuri vilikuwa chini ya asilimia 5. Aibu ilisaidia, lakini pia kila kituo kilionyeshwa kasoro zake na kutakiwa kupanga namna ya kuziondoa.

Hata hivyo, tuwe macho. Marekani ilianza kuyapa nyota makao ya kutunzia wazee Desemba 2008. Kwa miaka kadhaa makao hayo yalijitajia yenyewe idadi ya wauguzi wao. Hatimaye, mwaka 2016, yakaanza kutakiwa kuwasilisha kumbukumbu za mishahara. Anayejisahihishia mtihani hafeli.

Kwetu nako, ukuta unaweza kupakwa rangi na daftari likajazwa wiki ya ukaguzi, kisha mama mjamzito akafika usiku asimkute mkunga. Kwa hiyo kamati ya kituo isihesabu nyota tu. Iulize: usiku wa kuamkia leo, nani alikuwa zamu?